Viti Vilivyomuumiza Ngamia

Assalaam alaykum ndugu zangu, na nyinyi wenzetu mnaosali Jumapili, hamjambo nyote. Leo zamu ya kusema imeniangukia mimi. Mwaka mzima nimeikwepa, mara nina kikohozi, mara nina kazi ya watu, na katibu wa chama chetu amechoka na visingizio vyangu. Basi nimesimama. Nitawaambia yaliyonipata kule Wajir nilipokuwa bado na nguvu na kichwa kigumu. Majina sitayataja, maana wengine wako hai, na jamaa zao wanauza maziwa hapa hapa sokoni Garissa.

Nilipelekwa Wajir kuwa fundi seremala wa serikali, miaka michache kabla ya vita vya Mtaliano. Mimi ni mtu wa Mombasa. Useremala nilifunzwa na marehemu baba, na kazi nilikuwa naijua, hilo nalisema bila haya. Lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeuona: sikuweza kumuuliza mtu kitu. Nyumbani kwetu kuuliza kulihesabiwa kutojua, na fundi asiyejua ni fundi gani? Hata njia nikipotea nilizunguka mpaka nikaipata mwenyewe. Msicheke, nina hakika wako wengine humu ndani wa namna hiyo.

Mke wangu alibaki Mombasa. Siku zile nchi ile ilikuwa imefungwa, huingii bila kibali, na cha mke hakikutolewa. Nikapewa chumba kimoja na banda la kazi lenye bati juu. Mbao zilikuja kwa lori kutoka bara. Lori likija, siku hiyo ni sikukuu kwangu, si kwa sababu ya mbao, ni kwa sababu dereva alisema Kiswahili. Likiondoka, nasimama barabarani mpaka vumbi litue.

Kisomali sikukijua, na sikukijifunza. Mtu akinisemesha natikisa kichwa, naendelea kupiga randa. Msikitini tulisali bega kwa bega, tukatoa salamu kulia na kushoto, kisha kila mtu akavaa viatu vyake akaenda zake. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Wala hakuna aliyejua jina langu, kwa kuwa sikumwambia mtu. Niliitwa Fundi tu. Jioni nilikula nimeelekea ukuta, na nilifika mahali pa kuzungumza na msumeno. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliuambia msumeno habari za mke wangu, nikalia.

Basi ikaja amri nitengeneze viti kumi na viwili vya kituo cha mpakani, upande wa Diff. Huko lori lilikuwa halifiki, mzigo ulikwenda kwa ngamia, mwendo wa siku sita. Nikatengeneza viti vizuri mno. Miguu minne iliyochongwa, migongo imepindwa kidogo, vanishi inang'aa mpaka unajiona. Nilitaka mtu aketi pale mpakani aulize, nani katengeneza kiti hiki?

Siku ya kufunga mzigo wachunga ngamia walikuja, na mmoja wao, mtu mzima wa rika langu, akaanza kufunga kwa namna yake. Nikamtoa. Niliogopa miiba ya njiani itakwaruza vanishi. Nikaigeuza migongo ya viti iangalie juu, mbali na vichaka, na miguu ikaingia ndani, kwenye mbavu za ngamia. Nikakaza kamba mwenyewe. Yule mtu akanisemesha, akapigapiga ubavu wa ngamia mmoja, akasema tena kwa sauti ya juu. Mimi nikadhani anataka kuongezewa ujira. Nikampungia mkono: nendeni, nendeni. Akanitazama kidogo, akashika kamba ya ngamia wake, wakaenda.

Viti vilifika salama. Nililetewa hata salamu za pongezi.

Wiki tatu baadaye alikuja mama mmoja bandani kwangu. Nilimjua kwa sura, alikuwa akiuza maziwa kwenye nyumba za serikali na kwa hiyo alikuwa na Kiswahili kidogo. Watu walimwita Eeddo, yaani shangazi. Hakupiga kelele. Alisema, "Fundi, kuja. Ona kazi yako."

Nikamfuata hadi visimani. Ngamia wake alikuwa amelala chini. Ubavuni alikuwa na kidonda cha ukubwa wa sahani hii ya chai, na cha pili karibu na nundu, na nzi wamejaa. Sitawaeleza harufu yake, kuna watu watakula sasa hivi.

"Hii ndio nabeba nyumba yangu," alisema. "Watu yangu nakwenda malisho, sita siku. Mimi nabaki hapa. Nyumba bila ngamia nakwenda wapi?"

Mnaoishi na watu hawa mnaelewa. Nyumba yao ni fito na mikeka, inavunjwa, inapakiwa, inasimamishwa kwingine. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Diff, ukoo wake wote ulikuwa umefuata majani, na ngamia wa kuazimwa hakupatikana, kila mmoja alikuwa na mzigo wake. Nyumba yake ilikuwa imebaki moja pale uwanjani, mahali palipokuwa na nyumba ishirini. Aliyebaki naye ni mtoto wa kaka yake, na alikuwa ndiye yule yule niliyempungia mkono.

Nilimwambia samahani. Akasema, "Huyu alikwambia. Miguu ya fiti nachoma ngamia. Wewe nafanya hivi." Akapunga mkono kama nilivyopunga mimi, sawasawa kabisa. "Hukufahamu maneno, sawa. Kwa nini hakuna uliza?"

Nilirudi bandani, nikajifungia. Habari ikaenea, maana ngamia kwa watu hawa si mchezo. Hata zile salamu za njiani zikapungua. Sasa nilikuwa mpweke na mkosaji, na upweke wa mkosaji ni mzito zaidi, kwa sababu huwezi hata kuwalaumu watu. Nilikuwa nikitoka mlangoni naiona ile nyumba moja kule uwanjani, na moshi wake mmoja. Mimi ndiye niliyemfanya mtu mwingine akae kama mimi. Jambo hilo liliniumiza kuliko yote.

Kisha ikaja amri ya pili: viti sita zaidi kwa kituo kile kile. Hakuna mwenye ngamia aliyekubali kubeba mzigo wangu. Wote walikataa, na walikuwa na haki.

Siku tatu niliwaza. Ningeweza kuandika barua nihamishwe, na barua niliianza. Lakini asubuhi ya nne nikavaa kanzu safi, nikavuka uwanja, nikasimama mbele ya ile nyumba. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na sikuwa nimewahi kusema maneno yale kwa mtu yeyote. Nikasema, "Eeddo, sijui mzigo unavyokaa juu ya ngamia. Nifundishe."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Kisha akacheka, akamwita mpwa wake. Wakaanza kuvunja nyumba yao mbele yangu. Fito zilizopindwa zikatolewa moja moja. Zikalazwa mchangani kwa urefu, kama zinavyofuata mwili wa ngamia, upande huu na upande huu, zinalingana uzito. Chini yake mikeka minene, ndiyo godoro la ngamia. Hakuna ncha iliyoangalia ndani. Nyumba nzima, mtu anayolala na kupikia, ikawa mafungu mawili na haina msumari hata mmoja. Nami fundi wa serikali nimekaa pale mdomo wazi.

Nikaenda nikatengeneza viti viwili vya kuvunjwa. Miguu inatoka, mgongo unatoka, nikavifunga pamoja, nikawapelekea kwa fahari. Mnaona? Fahari ilikuwa bado haijanitoka.

Eeddo akakipima kimoja mkononi, akaniambia, "Leo wewe ngamia. Biga magoti."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikapiga magoti na mikono chini, pale visimani, watu wamekuja kunywesha mifugo, na mpwa wake akanifunga viti viwili mgongoni, kimoja kila ubavu. "Tembea." Nikatambaa. Hatua ya tatu ncha ya mguu wa kiti ikaanza kunichoma mbavuni. Ya sita, nikawa nauma meno. Ya kumi nikapiga kelele, "Eeddo, unaniua!"

"Hiyo kumi tu," alisema. "Yeye siku sita."

Watu wote visimani walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Nami, jamani, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mavi ya mbuzi, nikacheka nao. Nilicheka nikalia, vyote pamoja. Ulikuwa mwaka na miezi mingi sijacheka na mtu. Yule mpwa akanifungua kamba, akanishika mkono kuniinua, akanigusa kifua akauliza, "Magacaa?" Jina lako nani? Nikamwambia. Akalirudia vibaya, nikamsahihisha, akalirudia tena.

Tangu siku hiyo nilikuwa kila nikikwama naenda kuuliza. Nikatupa ubao wa kukalia, nikaweka ngozi ya ng'ombe inayoviringishwa. Ncha zote za miguu nikazichonga mviringo. Ndimi za kuungia mbao zikaingia kwenye matundu bila gundi, na kila kiungo kikashikwa na kabari ndogo ya mgunga, maana ukavu wa kule unasinyaza mbao, na kabari unaweza kuigonga ikaze tena. Gundi haina huruma hiyo. Mpwa akanifundisha kwamba mzigo lazima ulingane, basi nikavifanya viende viwili viwili. Na kila kiti nilikijaribu kwa mgongo wangu. Nilikuwa ngamia mara nyingi mpaka watoto wakawa wananiita hivyo.

Vidonda vilipona. Nilikuwa naviosha mwenyewe kila siku kwa maji ya chumvi, na ngamia yule alinitemea mate karibu kila siku. Sikumlaumu. Siku ya safari tulipakia juu yake nyumba ya Eeddo, na viti vyangu tukavilaza viwili viwili kwa ngamia wengine watatu, maana wenyewe sasa walikubali. Mimi niliomba ruhusa, nikatembea nao kwa miguu, siku zote sita.

Adhuhuri moja tulipopumzika kivulini nilifungua kiti kimoja, nikakiunga, nikamwambia mama, "Keti, Eeddo, cha kwako." Akakizunguka, akakitikisa, akakisifu. Kisha akaketi mkekani. Akaniambia, "Kiti yako nzuri. Lakini ya mtu moja. Wewe kuja hapa." Akasogea. Nikaketi.

Siku ya sita, viti vikiwa vimeshafika kituoni, tuliwakuta watu wake. Walipomwona walikuja wanawake wanakimbia na vigelegele. Mimi nilikwenda kwa ngamia kwanza. Nikapitisha kiganja ubavuni, huku na huku, kutoka bega mpaka paja. Ngozi ilikuwa nzima. Nikarudia tena kuhakikisha. Nilipogeuka kumtafuta Eeddo kumuaga, alikuwa ameshazungukwa na watu, na nyumba yake ilianza kusimama. Sikumwona tena maishani. Wao hawana desturi ya kuagana kwa maneno mengi. Namshukuru, popote alipo, na mpwa wake pia, ambaye alikuwa rafiki yangu mpaka nilipohamishiwa hapa Garissa.

Na nyinyi nawashukuru. Mke wangu alipata kibali mwishowe, akaja, tukaishi naye hapa miaka kumi na mmoja. Mwaka jana nilipomzika, mlibeba jeneza nyinyi, mkapika nyinyi, mkakaa nami mpaka arobaini ikaisha. Sijasahau uso hata mmoja.

Somo langu ni fupi. Mtu asiyeuliza haumizi nafsi yake peke yake. Kuna wa pembeni anayebeba.

Sasa katibu anataka nikae. Ngoja kidogo, kuna neno moja limebaki, na hili ndilo lililonifanya nikwepe zamu mwaka mzima. Baada ya arobaini mlirudi makwenu, na ni sawa, kila mtu ana kazi. Lakini binti zangu wako pwani na waume zao. Nyumba yangu imekuwa kimya. Wiki iliyopita nilijikuta nakula nimeelekea ukuta tena, na juzi niliusalimia msumeno. Mimi ni mzee sasa, nimejifunza kusema jambo hili mara moja tu maishani, na naona inabidi niliseme mara ya pili.

Ndugu zangu, naomba mje kwangu. Si kwa msiba, wala si kwa kazi ya seremala. Alasiri yoyote, mlango uko wazi. Mje tu.