Mwanya Kati ya Vyuma

Sikilizeni wanangu. Wewe mkubwa, acha kuzipanga dawa, zimeshafanya kazi yake, keti hapa karibu na miguu yangu. Nawe binti yangu, usisimame mlangoni kama mgeni, ingia, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kupaza sauti. Nimewasikia jikoni. Ukuta huu ni mwembamba, na masikio bado ni yangu. Binti ameitwa kazini mji wa mbali, na kaka yake amemwambia, “Unajua neno la babu, karakana haiachwi.” Basi hilo ndilo nataka kulisema leo.

Babu yenu alifia katika chumba hiki hiki. Alinishika mkono akaniapisha karakana isifungwe, nami nisiondoke. Samaki mkunje angali mbichi. Nilikuwa mbichi, nikakunjika. Tangu hapo nimekaa kwenye stuli ile nikisuka koili za kuchuja umeme, waya wa shaba juu ya waya wa shaba, ili mashine ya huyu isimtilie yule uchafu katika umeme wake, watu wakinisifu mkono, na sifa nayo ni kamba, wanangu. Sikuipenda kazi ile hata siku moja. Baba yenu mdogo yeye alifunga begi msiba haujaisha, akaenda, nami nikakataza jina lake lisitajwe mezani. Mlidhani namtetea marehemu. Nilikuwa na wivu tu, na mpaka sasa ninao.

Mkubwa, unaikumbuka koili ya kinu cha unga? Uliisaga midomo ya vile vyuma viwili vya katikati yake, vinavyozungushiwa waya, ikang'aa, ukaiona karatasi ninayoiweka katikati kuwa ni uzembe wa mzee, ukaitoa, ukavibana vyuma vikagusana. Hapo mezani mita ikakupa namba kubwa kuliko zangu zote, ukanicheka, nami nikakuacha ucheke. Kinu kilipowashwa na mzigo ukaja, chuma kikashiba sumaku kikawa hakipokei tena, koili ikanguruma, ikachemka, na uchafu wote ukapita mpaka taa za majirani zikapepesa. Nilikwambia nini siku ile? Ule mwanya mwembamba, pale pasipo na chuma, ndipo mzigo unapokaa. Bila huo, koili ni nzuri mpaka siku ya kazi. Jambo hilo nililijua kwa chuma, humu ndani nikawabana mkagusana.

Sasa mnangoja nilivunje neno la babu yenu. Siwezi. Nimejaribu nikiwa peke yangu, ulimi unakataa, kwa sababu aliyefunga fundo lile hayupo wa kuombwa alifungue. Lakini nimeligeuza neno lile kama ninavyoigeuza koili kabla haijatoka mezani, nikaona aliniapisha mimi. Hakusema, “Na wanao.” Ninyi niliwafunga mimi, na fundo langu nalifungua. Mimi sitoki, nitafia humu kama alivyotaka, na nikishafia humu neno lake limetimia, limekwisha. Hakuna marefu yasiyo na ncha.

Nyumba ni yenu wote wawili, asimtoe mmoja mwenzake. Mkubwa, karakana ukiipenda iendeshe, ukiichoka iuze, wala usimsingizie babu. Koili ya mwokaji mikate iko mezani, haijapakwa vanishi; ipake, ikauke vizuri, umpelekee, kazi ya mtu isizikwe nami. Baba yenu mdogo aitwe, asimame mbele kaburini, na asiulizwe alikuwa wapi.

Nipe maji... Basi, yanatosha.

Binti yangu, wewe usingoje mazishi. Ukingoja mazishi utangoja matanga, kisha utamwonea kaka yako huruma, kisha utakaa kwenye stuli ile siku moja tu, na mimi naijua siku moja ile. Nenda leo, ningali hai. Kaka yako akubebee begi mpaka kituoni, arudi, nitamsubiri nikiweza. Usilie, unanichosha. Inama nikushike kichwa... Mungu awatangulie, awape riziki ya kupenda, mkono wenu usitetemeke. Baba yangu hakumruhusu mtu kutoka humu. Nataka nisikie mlango ukifungwa... na aliyetoka... nimemruhusu mimi.

Nenda, mama. Nasikiliza.