Mzee Damiani na Bawa Linalojipinda

Baada ya miaka kumi na saba ya kufyeka majani, kufukuza mbuzi na kuwafundisha marubani kazi yao, Mzee Damiani anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1951. Uwanja wetu wa ndege utakuwa kimya sana. Tutajitahidi kuvumilia.

Alitoka kijijini Milola akaajiriwa pamoja na panga lake, na angebaki nalo kimyakimya kama ile ndege ya kivita isingetua hapa wakati wa vita, mafuta yakiwa yamekwisha. Asubuhi yake Mzee akaona vipande vya nyuma vya mabawa vimening'inia. Akaamua vimevunjika, akavifunga juu kwa kamba ya usumba wa nazi, mafundo yaleyale ya kufungia mbuzi. Rubani alipoona, alikaa chini kwanza. Kisha, kwa upole ambao hatujui aliutoa wapi, akaikata kamba na kumweleza.

Kwamba bawa likinyooka, ndege hukimbia, na vitani mwenye mbio ndiye anayerudi kwao. Lakini mbio hizo hazifai wakati wa kutua kwenye uwanja mfupi kama wetu, wenye minazi mbele. Basi rubani hukiteremsha kile kipande cha nyuma, bawa likapinda zaidi, likaubeba uzito uleule kwa mwendo mdogo, na ndege ikatua taratibu. Kwa zile kamba za Mzee, angetua minazini.

Rubani alieleza mara moja. Mzee anaeleza mpaka leo. Hakuna abiria aliyepanda ngazi yetu bila kupewa somo, tena kwa mikono, mabega na mashavu. Bi Kazija, mwuza samaki wakavu, alikuwa anakwenda Dar es Salaam kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mzee akamwonyesha kwa ukamilifu kinachotokea bawa likikataa kupinda. Bi Kazija akashuka na kapu lake. Mjukuu huyo sasa anasoma Kurani chuoni kwa maalimu, na bibi yake hajamwona. Hilo linatuuma.

Na mtaalamu mwenyewe? Hajawahi kupanda ndege. Kiti cha bure amepewa mara nne. Mara ya kwanza alikuwa na homa. Ya pili, homa. Ya tatu alikuja mkwewe. Ya nne, mkwewe alikuwa na homa.

Kwa hiyo hatukumnunulia saa ya ukutani. Tumemkatia tiketi ya kesho, dirishani, nyuma ya bawa, akajionee. Na usianze kukohoa, Mzee: kiti cha jirani ni cha Bi Kazija. Amesema ukipanda atapanda, ukishuka atashuka, na mjukuu ataendelea kungoja.

Ahsante kwa kazi yako. Miaka yote hii hakuna ndege iliyokutana na mbuzi hapa, na hilo hatulifanyii mzaha. Tunakutakia maisha mema na marefu ardhini, kuanzia keshokutwa. Kesho ngazi ataishika mwenzetu Huseni, naye ameshaagizwa: mkishaingia wote wawili, aiondoe.