Nguzo Inangoja Kibali

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha fotokopi, mkabala na geti la chuo kikuu. Mimi nahudumia dirishani, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale lazima upite masikioni mwangu, nitake nisitake. Mwanzo wa benchi ndipo Shangazi anapouzia kahawa. Anafuata Pancha, anayeziba matairi ng'ambo ya barabara, na ambaye sijawahi kumwona akiwa na haraka. Kisha Kifungu, karani mstaafu wa ofisi ya utawala ya chuo, aliyepewa jina hilo kwa sababu hawezi hata kuomba sukari bila kutaja kifungu cha kanuni. Mwisho kabisa hukaa Zege, mhadhiri wa ujenzi, mtu mpole mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa shati hata siku za likizo. Kijiwe kina desturi moja tu: ukija kumuuliza mtu jambo la fani yake, unamnunulia kikombe. Hiyo haina mjadala.

Siku hiyo Zege alikuja, akakaa, hakuagiza. Shangazi alimtazama mara mbili, akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Ikabidi tumchimbe kidogo kidogo mpaka akatoa.

Mwenye jengo moja la ghorofa nne, nyuma ya soko, alikuwa amemwita akaangalie nguzo ya chini yenye ufa. Malipo walishaelewana. Zege akaenda na tochi na nyundo, akagonga, akachungulia, akarudi. Mpaka leo hajamwambia mwenye jengo neno, zaidi ya kumwambia asubiri ripoti. Anangoja kibali. Siku hizi mfanyakazi wa chuo hatoi ushauri wa kulipwa nje mpaka aruhusiwe kwa maandishi na mkuu wa idara, kisha mkuu wa kitivo, kisha kamati. Mwaka juzi Zege alifanya kazi ya watu kabla kibali hakijatoka, akala onyo. Onyo la pili ni kufungasha virago, na kustaafu kwenyewe kumekaribia.

Kifungu akaitetea kanuni, na kwa haki kabisa alikuwa na hoja. Alikuwepo ofisini mwaka ule mhadhiri mmoja alipopotea muhula mzima akishauri makampuni, wanafunzi wakaketi kufanya mtihani wa somo ambalo hawakufundishwa. Wazazi walijaa kwenye korido mpaka mlinzi akakimbia. Hapo hata mimi nilikubaliana naye, jambo ambalo silipendi.

— Sasa hiyo kamati inakaa lini? Pancha akauliza.

— Ilikuwa ikae wiki iliyopita, Zege akasema. Akidi haikutimia.

— Wajumbe walikuwa wapi?

— Wamesafiri. Kazi za ushauri.

Pancha alicheka mpaka akamwagia kahawa ndala zake. Kifungu akasema, bila hata kutabasamu, kwamba wale wana vibali.

Basi hapo ndipo kijiwe kilipokolea. Pancha akadai kwamba kama ni hivyo, Zege ameshavunja kanuni miaka yote, maana kila anayemuuliza habari za kokoto na saruji humnunulia kikombe, na kikombe ni malipo. Kwa hesabu zake chuo kinatudai sehemu yake ya birika. Kifungu hakukubali. Kikombe cha kwanza, alisema, ni ukarimu. Ni cha pili ndicho ushauri wa kulipwa. Shangazi akamwambia aache kumharibia biashara.

— Mnachukulia mambo juujuu, Kifungu akasema. Kile alichonacho kichwani alikipata wapi? Maktaba ya chuo. Maabara ya chuo. Kwa hiyo akitoka getini jioni, amekibeba kichwa kama mtu aliyeazima kitabu.

— Na akilala? Pancha akauliza.

— Akilala kinaendelea kuwa cha chuo.

— Akiota nguzo?

Kifungu akafikiri, namsifu kwa hilo, alifikiri kweli. Akasema inategemea kama ameota siku ya kazi.

Shangazi akataka kujua mke wa Zege akimuuliza kuhusu ukuta wa jikoni, naye ajaze fomu? Kifungu akasema hilo ni gumu zaidi, maana kuna mgongano wa maslahi, mke analala kitanda kimoja na mtoa ushauri. Pancha akapendekeza mke aombe talaka kwanza, ashauriwe, kisha warudiane. Wakaendelea hivyo. Nilikuwa natoa nakala za mtu mwenye haraka, na mashine ilikuwa imeng'ata karatasi, kwa hiyo mengine yalinipita na sijutii.

Zege hakucheka. Nilimwona anakunja na kukunjua vidole alivyoshikia nyundo siku ile. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba ana aibu, na kwamba aibu hiyo haikuhusu onyo.

Mara akaja mwanamke mmoja, si wa kijiwe, amevaa sare ya usafi wa hospitali, funguo mkononi. Akatusalimia vizuri, tukaitikia. Akasema anamtafuta yule mtaalamu aliyekuja na tochi kwenye jengo la nyuma ya soko. Mlinzi wa geti amemwambia hukaa hapa.

Hakuna aliyenyoosha kidole. Ila sote tulimgeukia Zege, ikawa ni yale yale.

Pancha, kwa mazoea tu, akamweleza desturi yetu. Mwanamke akatoa sarafu, Shangazi akamimina, kikombe kikawekwa mbele ya Zege kikifuka moshi.

— Mimi nakaa ghorofa ya kwanza, juu ya ile nguzo, akasema. Tangu juzi mlango wa chumba cha watoto haufungi. Nimeusukuma, nimeupaka sabuni, haufungi. Mwenye nyumba anasema tusubiri ripoti.

— Ulikuwa unafunga zamani? Zege akauliza, sauti chini.

— Miaka yote. Sasa mimi nina zamu leo. Nilitaka kuuliza tu, kaka. Niwaache watoto walale humo, au wasilale?

Pancha akaangalia matairi yake ng'ambo. Mimi nikajifanya napanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Kifungu peke yake ndiye aliyekohoa, akasema taratibu, kwa uchungu wa kweli, kwamba jengo lile tayari lina makubaliano ya malipo, kwa hiyo neno lolote juu ya nguzo ile ni sehemu ya kazi ile, hata lisemwe bure, hata lisemwe barabarani. Alisema hivyo akimtazama Zege, si mwanamke. Alikuwa anamwonya rafiki yake.

Mwanamke akawaangalia wote wawili.

— Mimi sijaelewa, akasema. Walale, wasilale?

Zege akakitazama kikombe. Akakisogeza kwa vidole viwili mpaka mbele ya Shangazi, hakijaguswa.

— Mrudishie pesa yake, akasema.

Shangazi akarudisha. Zege akasimama, akajipangusa chaki ambayo haitoki.

— Wasilale. Asilale mtu yeyote humo. Twende tukawagongee wote, tuanze na wa chini.

Wakaondoka, mwanamke akitangulia karibu kukimbia, yeye nyuma yake akimwambia asiwashe jiko, asipige mlango kwa nguvu, achukue watoto na vyeti basi. Pancha akaenda kuchukua mkokoteni wake wa matairi, akavuka barabara bila kuangalia magari, akawafuata. Sikuwahi kumwona anakimbia kabla ya siku hiyo.

Tukabaki watatu. Shangazi akanyoosha mkono aimwage ile kahawa, maana ilikuwa imeanza kupoa.

— Usiiguse, Kifungu akasema.

Akavua kofia yake, akafunika nayo kikombe, akakibeba kwa mikono miwili mpaka dirishani kwangu. Akaniomba nikiweke ndani, mahali pasipo na panya.

— Kamati ikikaa, akasema, nitakwenda nacho. Waone wenyewe kwamba hakunywa.