Chupa za Mathe Nanyama

Pale Bondeni, Nakuru, kuna benchi moja la mbao za Elburgon ambalo limebeba uongo mwingi kuliko makalio. Ijumaa hiyo wazee watatu walikuwa wamelikalia. Harun alikuwa ameshika simu, majibu ya maabara yamefunguka. Mkewe, Hadiya, hunywa dawa ya figo ya mathe Nanyama, mama wa mitishamba, na siku hizi miguu inazidi kumvimba. Mathe alizikwa Machi. Chupa hazikukoma, kila Ijumaa Hadiya hukuta moja imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Harun alijua tu ni binti wa mathe anaendeleza kazi.

— Soma basi, alisema Ngigi, anayeitwa Profesa kwa kuwa alianza kila kozi na hakumaliza hata moja.

— Gome la dawa ni lenyewe, halijachanganywa, alisoma Harun. Lakini kuna risasi. Inamaliza figo.

— Risasi ya bunduki? aliuliza Makhanu, ambaye huitwa Breki kwa sababu mdomo wake hauna.

— Ya kuziba sufuria, wewe! Ya mathe ilikuwa na kiraka. Niliwapelekea maabara chupa mbili, ya mwaka jana na ya juzi. Mashine imechora vilima vile vile kwenye grafu, na risasi ile ile.

— Basi binti anapikia sufuria ya mamake, alisema Profesa. Kesi imeisha.

Harun alitikisa kichwa. Kwao mathe, mpika dawa huzikwa na sufuria yake, na yeye alikuwepo.

— Tulimzika nayo, Profesa. Ilitobolewa kitako kwanza, nikiona.



— Imefukuliwa, alinong'ona Breki. Watu wa skrapu hawaogopi Mungu.

— Iliyotoboka utapikia nini? alisema Profesa. Mimi nasema mathe hajaambiwa amekufa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hata mgeni wa kaburini?

— Kwani walitaja anatoka wapi?

Walitaka kucheka, kicheko kikakataa. Hapo akafika Rahab, binti wa mathe, ametoka kwao Elburgon, kiatu kina tope.

— Hamjambo wazee. Harun, nakutafuta. Sisi tuliacha kupika siku tuliyomzika mama. Nasikia huku bado mnakunywa. Nani anawaletea?

  Harun akapiga simu nyumbani.

— Hadiya! Usiguse hiyo dawa!

— Si nishakunywa, Baba Jalal. Leo imekuja mapema. Chupa ilikuwa bado moto.