Ukungu Kwenye Herufi za Doti

Ndugu zangu, kuna dereva wa lori pale mpakani Malaba aliyeniambia kwamba kila doti unayochora kwenye kompyuta hutoka ikaingia jichoni, ikakaa humo kama mchanga. Zikijaa, akasema, kwanza utaona ukungu, halafu giza. Nilimwamini kabisa. Hata sikuuliza alisomea wapi.

Na mimi doti ndiyo kazi yangu. Mnakumbuka maandishi ya zile simu ndogo za tochi, mulika mwizi, herufi zimejengwa kwa doti kama ukuta wa matofali? Nilipomaliza masomo ya jioni nilianza kutengeneza mchezo wa simu, wa foleni ya malori mpakani, na herufi zake nilizichora mwenyewe hivyo hivyo, doti kwa doti. M peke yake niliichora mara elfu kumi. Ukiongeza doti moja tu, inakuwa geti la shule.

Madereva wakaujaribu. "Boss, mchezo ni mtamu, lakini haya maandishi ni ya siafu kusoma. Kuza kidogo."

Nikakuza kidogo. Nikaangalia skrini: ukungu. Kila herufi imefura kingo kama mandazi yaliyolowa chai.

Nawaambia, nilijua yamenifika. Kompyuta niliificha chini ya kitanda, nikavaa miwani myeusi, nikala karoti mpaka sungura wa hapa kwetu Mundika wote wakalala njaa. Mke wangu akawa ananishika mkono kuja hapa kanisani, nanyi mkaniombea macho Jumapili tatu. Mnacheka, lakini binti yetu alikuwa na miezi miwili. Nilikuwa namkazia macho usoni muda mrefu, nisije nikamsahau.

Mke wangu ndiye aliyechoka. "Baba watoto, hata kama ni giza, litukute tumeuliza." Akanipeleka Malaba kwa dada mmoja niliyesoma naye jioni, sasa ni fundi wa simu. Fundi akawasha kompyuta yangu tuliyoibeba.

"Mbona hata mimi naona ukungu?"

"Pole dada. Zimekuingia na wewe."

Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Akanivua miwani, akanielekeza ng'ambo ya barabara nisome lori lililoegeshwa. Nikasoma lote, hadi maandishi ya kwenye mpira wa kukinga tope nyuma ya magurudumu.

"Na hizi herufi ulizikuza mara ngapi?"

"Mara moja na nusu."

Sasa nishukuru. Ninyi kwa maombi. Yule mama aliyeniletea kuku ili nimle nikiwa bado namwona. Mke wangu kwa kunikokota. Karoti sizishukuru. Na anayeogopa jambo, aende kwa anayelijua, asingoje Jumapili tatu. Leo madereva wanaucheza mchezo ule foleni nzima, na herufi zimesimama wima kama askari, kwa sababu siku ile fundi alinirudishia kompyuta na kusema, "Boss, macho yako ni mazima. Doti haikatwi nusu. Kuza mara mbili kamili, ukungu utaisha."