Mtunza Simu za Wageni

Baada ya miaka ishirini na saba mapokezini katika nyumba yetu ya mapumziko, dada yetu mkubwa, ambaye sote tunamwita Bi Wasiwasi hata mbele yake, anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Jina alijitafutia mwenyewe. Mgeni akichelewa nusu saa, yeye keshatoka getini mara tatu, na dereva wetu anaapa kwamba aliwahi kumkuta akiyagombeza mawingu.

Wageni hutufikia kutoka mjini wakiwa hoi, hawataki kusikia chochote ila ndege na majani. Ukifika unamkabidhi simu yako, anaifungia kwenye droo, na ndugu zako wanapewa namba ya mapokezi. Basi wageni wakishajilaza kwenye nyasi, anabaki yeye peke yake roho juu, anaikodolea macho simu ya mezani.

Ameniruhusu niandike na kosa lake. Mwaka wake wa tisa hapa, dada wa mwalimu mmoja alipiga simu saa saba mchana kusema mama yao amezidiwa. Mwalimu alikuwa mezani anacheka, mara ya kwanza tangu afike. Bi Wasiwasi akamwonea huruma, akasema moyoni acha amalize kula. Katika dakika hizo ishirini gari letu, nalo ni moja tu, likaondoka na wageni wengine. Mwalimu alimkuta mama yake hai, ila ameshakata kauli, hawezi tena kusema. Nilimwomba Bi Wasiwasi tusiliweke hili kwenye kijarida. Akanijibu kwamba nikiliacha, nitakuwa namuaga mtu mwingine.

Tangu hapo hakumngoja mtu amalize chochote. Amewatoa watu bafuni na povu kichwani. Bwana harusi mmoja alipanda gari na kandambili zetu, na mpaka leo hatujaziona.

Kiti chake naachiwa mimi, na sitaficha, naogopa. Jumatatu simu ililia, yeye akakunja mikono, nikaipokea. Mume wa mshonaji wa chumba namba tatu alikuwa amepata ajali. Nilimkuta mshonaji bustanini, amelala kitini mdomo wazi, nikasimama pale nikitamani aamke mwenyewe. Bi Wasiwasi alikuwa dirishani ananitazama. Dereva alikuwa keshawasha gari. Nikamgusa mshonaji bega.

Jana mshonaji alitupigia. Alimwahi mumewe kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, wakazungumza. Bi Wasiwasi aliposikia hivyo alikaa chini akalia, kisha akanipa ufunguo wa droo.

Asante sana, dada. Umehangaika miaka yote hii ili wengine wapumzike. Tunakutakia afya njema na siku nyingi za raha, na simu ikilia huko nyumbani, mwachie mwingine aipokee.