Pale Juu katika Wimbo wa "Hatta"

Kwa ruhusa yenu, itifaki ingoje kidogo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu, na nikianza na salamu ujasiri utaniishia. Katika albamu tunayoizindua leo, kwenye wimbo wa "Hatta", pale sauti inapopanda kabisa, anayeimba si Ami Amour peke yake. Na mimi nimo.

Sasa nawasalimu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Bwana Idd. Bibi yangu Badriya uliyekaa mbele. Ndugu wageni waalikwa, watu wa Unguja, Mombasa na Kampala. Nanyi mlioomba ruhusa ya saa moja kazini na bado mmevaa sare: Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Naitwa Jumana. Nimemaliza shule mwezi wa sita. Nilipomwomba binamu yangu Mawadda, mshereheshaji wetu, anipe dakika tano, alicheka: "Wewe? Wewe ambaye hata mkate dukani unauagiza kwa kunyoosha kidole?" Nikamsihi aniweke wakati bendi wako nje wanashusha vyombo kwenye pikapu. Sasa mnajua kwa nini.

Bendi ya Kiyoyozi ina umri wa miaka ishirini na sita. Jina hilo walilipata katika ghala kama hili, hapa hapa Investments Park, huku ugenini kwa Waarabu, ghala ambalo kiyoyozi ndicho kitu pekee ambacho halikuwa nacho. Ami Amour, kaka wa baba yangu na mwimbaji wao, hupiga pasi katika hoteli moja Al Garhoud, na Faustine mpiga dramu ni mlinzi. Ni nani aliyewalazimisha watu waliosimama kutwa nzima waje wasimame tena hapa, wapige roki, tena roki ambayo hata kuichezea hujui uanze na mguu gani?

Nilipokuwa na miaka saba walialikwa harusini, wakaombwa taarabu. Walipiga moja kwa heshima zote, kisha wakapiga zao. Ukumbi ukatoka. Tulibaki watu kumi na mmoja, na wanne kati yetu walikuwa wahudumu. Ami akasogelea kipaza sauti: "Hawa kumi na mmoja ndio harusi yetu. Yalla, Faustine!" Akatuimbia kama uwanja umejaa. Tangu siku hiyo nyimbo zao nazijua zote, mpaka mahali wanapovuta pumzi.

Wamekaa miaka tisa bila albamu. Hii mpya, "Bado Kuna Joto", naiona bora kuliko zote, kwa sababu haijifanyi kijana. Sauti ya Ami sasa ina mikwaruzo, na nyimbo nane zimeandikwa kuifuata mikwaruzo hiyo. Wa tisa ni "Hatta". Humo mtu ana siku moja ya mapumziko, anakwenda Hatta, kule milimani, anauomba mlima: "Mlima, nipishe." Hapo ndipo sauti inapopanda.

Ami alijaribu mara kumi na nne. Ya mwisho akavua vipokea sauti masikioni. "Khalas, Allen, basi. Kama pale sifiki, albamu hii izikwe, na gitaa mpeni Faustine akaanikie soksi."

Allen, fundi wetu wa kurekodi, akasema taratibu, "Mzee, si tuazime sauti ya mtu?"

"Siku nitakayoazima sauti ndiyo siku nitakayoshuka jukwaani." Akaondoka kuwahi zamu.

Mimi nilikuwa nimeleta chai. Nikasema, "Naweza kujaribu?" Allen akageuka nyuma kutafuta nani amesema. Niliimba mara moja tu. Akaiweka sauti yangu chini ya ile ya Ami, chini sana, kama mkono unaomshika mzee kiwiko akipanda ngazi.

Wiki iliyofuata Ami alisikiliza amefumba macho. "Ala! Kumbe ilikuwepo, inanikimbia tu!" Sijawahi kumwona akifurahi vile. Je, tulimkosea? Najiuliza kila siku. Ninachojua ni kwamba aliyepanda ngazi ni yeye.

Lakini leo hakuna mkono chini ya kiwiko. Baada ya dakika chache atafika pale juu mbele yenu, Allen hana cha kubonyeza, na mimi jukwaani hamtaniona tena. Sauti ya mtu mmoja hataki kuazima. Ukumbi mzima ukimwitikia mwimbaji, ni nani aliyewahi kuuita huo mkopo? Maneno ni mawili tu. Tujaribu, kwa kunong'ona, wasisikie nje: Mlima, nipishe. Tena. Bibi, hata wewe. Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekuona, hukufungua mdomo.

Vizuri. Mlango unafunguliwa. Nawashukuru kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni yeye, na akifika pale juu mpokeeni kwa nguvu zote. Akiwauliza nilikuwa nasema nini, tafadhali, mwambieni Jumana alitoa salamu, akaona haya, akaketi.